Nyumba Iliyojengwa kwa Siku Moja

Siku bodi ya nyumba ilipopitisha mradi wa ghorofa, mimi nilikuwa miongoni mwa waliopiga vigelegele. Nalisema hilo mapema nisije nikajifanya mtu aliyeona mbali. Sikuona mbali hata kidogo. Tulikuwa tumejaa katika ukumbi wa kanisa mjini Migori, wapangaji wote wa zile nyumba kuukuu za baraza la mji, na mwenyekiti wa bodi akatuambia kwamba ramani imekubaliwa, muhuri umegongwa, nyumba zetu zitabomolewa na mahali pake zitasimama ghorofa za bei nafuu, maji ndani, choo ndani. Wapangaji wa zamani, alisema, ndio watakaofikiriwa kwanza, mradi watimize masharti. Masharti yenyewe yalisomwa kwa Kiingereza, mbio mbio, kama mtu anayesoma huku tumbo linamkata. Nani aliyasikiliza? Sisi tulikuwa tumeshafika ghorofa ya pili, tunachagua mahali pa kuweka kitanda.

Nyumba niliyokuwa nikiishi haikuwa ya kujivunia. Chumba kimoja na kibaraza, ukuta wa mawe uliotoa jasho wakati wa mvua, na bomba moja nje kwa nyumba sita. Lakini nilikaa humo zaidi ya miaka ishirini. Mume wangu alikuwa fundi wa mabomba wa baraza la mji, na nyumba ilikuja pamoja na kazi. Binti yetu alizaliwa tukiwa humo. Mzee alipofariki waliniacha niendelee kukaa na kulipa kodi, jina lake likibaki kwenye faili kana kwamba bado huamka asubuhi kwenda kuziba mifereji. Mimi nilishona. Cherehani yangu ilikaa kwenye kibaraza, ikitazama njia ya kwenda sokoni, na kila Januari sikuwa na nafasi ya kukohoa kwa sababu ya sare za shule. Mteja wa fundi cherehani ni mvivu. Atakufuata mradi asivuke barabara mbili. Kwa hiyo nilitaka kitu kimoja tu: nipewe chumba katika zile ghorofa, hata kiwe kidogo namna gani, nibaki pale pale na kazi yangu. Nikitolewa mjini nimekwisha, na nililijua hilo vizuri.

Mimi ni Mkuria wa Kegonga. Nilipoolewa na Mjaluo, dada zangu walicheka mpaka wakachoka. Ujaluo wake waliumaliza siku ya kwanza. Kilichobaki cha kucheka miaka yote ni kwamba mwanaume hana nyumba. Kila nilipokwenda kwetu waliniuliza, kwa sauti tamu ile ya kuumiza, kama bado tunakaa kwa watu. Nyumbani tulizungumza Kiswahili, maana yeye Kikuria kilimshinda na mimi nikifungua mdomo kusema Kijaluo watu wa kwao walishika mbavu. Tukapendana kwa Kiswahili, tukagombana kwa Kiswahili, na ugomvi wetu ulikuwa huo huo mmoja. Utajenga lini? Atajenga mwakani. Mwakani ikifika, mwakani tena.

Haukuwa uvivu, nikisema kweli. Kwa Wajaluo mdogo hamtangulii mkubwa. Kaka yake, yaani shemeji yangu, ndiye aliyekuwa mkubwa, na alikuwa Remba, kile kisiwa cha wavuvi, akinunua omena na kuuza. Kila mwaka alisema sasa anarudi, anatoka kwenye boma la baba yao na kuanzisha lake, ndipo mdogo naye afuate. Boma la mtu huliita dala, na mwanaume asiye na dala, hata awe na gari la kung'aa, wanamwona mpita njia. Mzee alinunua milango miwili ya mbao nzuri ya mkangazi, akaisimamisha nyuma ya kabati, tukasubiri shemeji atoke Remba. Milango ikaliwa na mchwa humo humo ndani ya nyumba ya kupanga. Sijawahi kufika Remba, na nakichukia kisiwa hicho kama kilichoniibia.

Mume wangu akafa kabla ya kaka yake kujenga. Kifua, wiki mbili, basi. Tukampeleka kwao Ndhiwa, upande wa Homa Bay, na hapo ndipo shida ilipojitokeza, kwa sababu mwanaume hazikwi kwao bila nyumba. Maiti lazima iingie kwake kwanza, kisha kaburi lichimbwe upande wa kulia wa mlango wake. Kama hakuna mlango, utajuaje kulia ni wapi? Ungewaona siku hiyo watu walivyo hodari. Mtu aliyekosa nyumba maisha yake yote alijengewa kwa siku moja. Ilikuwa Alhamisi, na kwa kuwa mimi na mume wangu ni Wasabato, Ijumaa ilibidi tuwe tumemaliza kabla Sabato haijaingia. Asubuhi shemeji, aliyekuja kutoka kisiwani kwa ajili ya matanga, alifika na miti. Vijana wa ukoo wakachimba mashimo. Mabati yakatoka kwa michango ya watu wa kanisa, moja likiwa na alama ya rangi nyekundu. Udongo ukapigwa upande wa mbele tu, unaoonekana kwenye picha, na pande nyingine zikafunikwa kwa turubai. Jioni jeneza likaingia. Shemeji alinishika mkono mbele ya waombolezaji akasema sasa ndugu yake ana nyumba, hakuna atakayemcheka. Nilimshukuru kwa moyo wangu wote. Nilimlilia begani, mimi, mwanamke niliyekuwa nimemlaani miaka na miaka.

Nikarudi Migori kwenye cherehani yangu. Ile nyumba ilikuwa ya kumzikia mtu, kila mmoja alijua, na hakuna aliyetarajia nikae humo hata siku moja. Mvua za kwanza zilipokuja nilisikia turubai limekwenda, nikasema poa, limefanya kazi yake.

Sasa turudi kwenye ghorofa. Baada ya bodi kupitisha mradi, tulitangaziwa kwamba kila mpangaji atahojiwa na kamati ili aandikwe. Kwa kuwa faili yangu ilikuwa na jina la marehemu, niliambiwa nije na shahidi kutoka kwa jamaa za mume, mtu wa kuthibitisha kwamba mimi ndiye mjane wake na si mwingine. Nikampigia shemeji simu. Wakati huo Remba ilikuwa imeshamtema, amerudi mikono mitupu, anakaa kwenye boma la baba yake kama alivyoliacha. Alikubali mara moja. Alikuja jioni ya kuamkia siku ya mahojiano, akala samaki wawili, akalalamika kwamba chai yangu ina maji mengi kama ya hospitali, na asubuhi akavaa koti. Kwenda naye ukumbini nilijisikia vizuri, nisiseme uongo. Mjane anayefuatwa na shemeji aliyevaa koti ni mtu mwenye watu.

Ukumbi ulijaa tena. Kamati ilikaa mbele, na karani, msichana wa rika la binti yangu, aliuliza maswali kwa kipaza sauti huku akiandika kwenye kompyuta. Sisi wa Ndhiwa tulikuwa na mabenchi yetu upande mmoja, wale wale tunaochangiana kwenye matanga. Maswali yalikuwa mepesi: jina, kazi, umekaa miaka mingapi. Kisha lilikuja moja, nalo alilisoma vile vile kwa kila mtu: je, una nyumba nyingine mahali popote?

Wa kwanza kuulizwa alikuwa mlinzi wa soko, mzee ambaye viatu vyake vilikuwa vimetoboka pande zote. Alijinyoosha, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, akasema ana boma, lenye lango, na nyumba ndani yake. Mabenchi yakapiga makofi. Baada yake, wewe ungesemaje? Nani angesimama mbele ya watu wa kwao, watakaomsafirisha siku ya kufa kwake, aseme kwamba hana? Mwanaume baada ya mwanaume alisimama akasema anayo. Wengine walitaja hadi idadi ya vyumba. Wengine nilijua kabisa kwamba kwao kuna kichaka na mbuzi wa jirani. Makofi yalikuwa yakipigwa, na kila aliyepigiwa makofi alikuwa amejitoa mwenyewe kwenye orodha, na hakuna aliyejua.

Zamu yangu ikafika. Nilisimama, shemeji akasimama kando yangu. Karani akaniuliza lile swali. Nakumbuka vizuri yaliyonipitia moyoni, kwa sababu nimeyarudia mara nyingi mno. Niliwaona dada zangu wa Kegonga. Niliwaza benchi zima la Ndhiwa linasubiri kusikia Mkuria atasema nini kuhusu mtoto wao. Nilimwona mzee wangu na milango yake miwili. Nikasema ndiyo, mume wangu aliniachia nyumba, kwao, Ndhiwa.

Karani hakuandika. Aliinua macho akanitazama, akatikisa kichwa kidogo sana, namna ambayo mtu wa nyuma hawezi kuona. Akauliza tena, sasa polepole, na akakiondoa kipaza sauti mdomoni.

"Mama, nauliza nyumba ya kukaa mtu. Una hakika iko?"

Leo najua alikuwa akinifungulia mlango. Siku ile niliona dharau. Niliona mtoto mdogo, kucha zimepakwa rangi, anamtilia shaka mume wangu mbele ya ukoo wake. Damu ikanipanda. Nikasema kwa sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti:

"Kwani wewe unadhani mume wangu alizikwa kichakani?"

Ukumbi ulicheka. Makofi niliyopigiwa mimi yaliyazidi ya wanaume wote. Shemeji akaongeza kwamba nyumba ipo, yeye mwenyewe aliisimamia ikijengwa, na hapo hakusema uongo. Karani akainamisha kichwa akaandika. Tulipokuwa tunatoka nje shemeji aliniita mke wetu. Miaka yote hiyo alikuwa akiniita binti wa Kegonga, kama vile nimekuja kutembea tu, na siku hiyo nikawa mke wao. Nilimnunulia soda.

Lazima nimtaje jirani yangu wa mlango wa pili, muuza nafaka, kwa sababu bado ananichoma. Huyu mama ana nyumba ya vigae Rongo, ya mawe, yenye vyumba vya nyuma anavyowapangisha wanafunzi wa chuo. Nimeshawahi kunywa chai sebuleni mwake. Alipoulizwa, alisimama macho makavu, mikono imefungwa kifuani kama yuko kwenye ushirika mtakatifu, akasema hana. Hana hata banda la kuku. Ukumbi ukaguna kwa huruma. Na mimi mjinga, nikijua ninachokijua, nilidhani ana haya ya kuringa mbele ya maskini. Alasiri nilimpelekea kikombe cha uji.

Orodha ilibandikwa wiki chache baadaye kwenye mlango wa ukumbi. Niliisoma kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu. Jirani alikuwamo, vyumba viwili. Mimi sikuwamo. Mlinzi wa soko hakuwamo. Karibu mabenchi yote ya Ndhiwa hayakuwamo. Nilikwenda moja kwa moja kwa yule karani na hasira zangu zimenitangulia, nikamuuliza ni nani aliyepewa nyumba yangu. Alinivutia kiti. Akanieleza, kwa Kiswahili sasa, lile sharti lililosomwa mbio mbio siku ya vigelegele: nyumba za bei nafuu ni za watu wasio na nyumba. Mwenye nyumba mahali popote haandikwi. Nilimwambia hakuna nyumba, ile ilikuwa ya matanga, ya siku moja, miti na turubai, imeshaanguka.

"Mama," akasema, "nilikuuliza mara mbili."

Ninajua kugombana, hiyo ndiyo kazi yangu ya pili baada ya kushona, lakini siku hiyo nilitazama kucha zake tu. Hakuwa mtu mbaya. Alinionyesha njia iliyobaki: nikate rufaa, nilete barua ya chifu wa Ndhiwa, iliyotiwa sahihi na mkubwa wa familia, kwamba kule hakuna nyumba inayokaliwa na mtu. Mkubwa wa familia ni nani? Shemeji.

Nilikwenda Ndhiwa kesho yake. Pale palipokuwa na ile nyumba palikuwa na miti mitatu imesimama upande, majani yameota katikati, na kaburi la mume wangu, lililosakafiwa vizuri, likiwa upande wa kulia wa mlango usiokuwepo. Mabati hayakuwepo. Niliyatafuta kwa macho, nikayaona juu ya jiko la mke wa shemeji, yale yale, lenye alama ya rangi nyekundu likiwa upande wa moshi. Mke wake alikuwa humo akisonga ugali. Aliniona nikiyatazama, akageuza uso akaendelea kusonga.

Shemeji alinipokea vizuri, akanipa kiti. Nikamweleza yote bila kuficha, nikamwomba anitilie sahihi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza ninataka aandike nini hasa.

"Andika ukweli," nikamwambia. "Kwamba hapa hakuna nyumba."

"Ukweli ni kwamba ndugu yangu alizikwa kwenye nyumba yake," akasema. "Nikiandika kwamba haikuwepo, nitakuwa nimemfukua."

Nilimwonyesha kidole jiko. Wala hakuona aibu. Alisema mabati yalikuwa yanaliwa na kutu bure, na kwamba nyumba ya mtu haiondoki kwa sababu bati limehama. Nilimkumbusha milango ya mkangazi. Nilimkumbusha mwakani, mwakani, mwakani. Nilimwambia kwamba kama angetoka Remba mapema mume wangu angejenga, na kama mume wangu angejenga nisingekuwa pale nikiomba karatasi inayosema hakujenga. Maneno mengine niliyomtupia sitayaandika. Nilipomwona anafuta macho kwa kiganja nilidhani nimeshinda.

Akasema amekosa, kweli ameniacha mimi, mjane wa ndugu yake, nikiteseka na kukosa mahali. Kama shida yangu ni nyumba, ataisimamisha. Nilimwambia sitaki aisimamishe, nataka sahihi. Akasema nisijali, Jumapili, baada ya misa, yeye si Msabato, ataisimamisha. Nilirudi Migori nikidhani ni maneno ya kunifukuzia.

Aliisimamisha. Katika maisha yake yote shemeji yangu ametimiza ahadi moja tu, na ilikuwa hiyo. Jumapili hiyo hiyo vijana wa ukoo walichimba mashimo tena, mabati yakashushwa kutoka jikoni, na safari hii udongo ulipigwa pande zote nne. Akampigia chifu simu aje aone. Chifu alikuja, akaona, akapiga picha, na barua niliyokuwa nimeiomba ikaandikwa: kwamba marehemu ana nyumba katika boma la baba yake, imekarabatiwa, na familia inamkaribisha mjane. Sahihi ya shemeji ilikuwa chini, kubwa, imepigiwa mstari. Aliniletea mwenyewe hadi Migori. Alitabasamu kama mtu aliyeleta mahari.

Nilipeleka rufaa hivyo hivyo, pamoja na barua ile na picha ya chifu, maana bila barua ya chifu haipokelewi. Binti yangu alikuja kutoka Rongo, anakofanya kazi dukani, akakaa kando yangu mbele ya kamati. Yeye alikuwa na mpango mmoja. Alisema barua ni karatasi tu, mama, wewe ndiye utakayeulizwa, na ukikana mbele yao kwamba ile nyumba si yako, kwamba ni ya shemeji ameijenga kwa mikono yake juzi juzi, hawatakuwa na la kufanya. Karani naye aliniambia mlangoni, kwa sauti ya chini, kwamba vyumba viwili vitatu bado havijapata mtu. Niliingia nimeshaamua. Niliyafanyia mazoezi maneno yenyewe nikiwa nachemsha chai.

Mwenyekiti alikuwa na ile picha, imechapishwa kwenye karatasi kubwa. Aliigeuza kwangu akaniuliza kwa upole.

"Mama, hii nyumba ni yako?"

Nikaitazama. Udongo ulikuwa bado mbichi, alama za viganja zinaonekana. Mlango mmoja, wa mabati. Na upande wa kulia, karibu kabisa na ukingo wa picha, kaburi. Binti yangu alinibana mkono, akanong'ona niseme. Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema si yangu, Mungu anajua nilitaka. Lakini nikisema nyumba si yangu, yule aliyelala kando yake ni wa nani? Amelala upande wa kulia wa mlango wa nani? Ningekuwa nimemwacha pale nje, peke yake, mwanaume asiye na kwake, jambo aliloliogopa maisha yake yote kuliko kifo. Na mimi mwenyewe siku yangu ikifika ningezikwa wapi? Kegonga, kwa dada zangu, wacheke tena?

Nikasema ni yangu.

Binti yangu aliuachia mkono wangu. Mwenyekiti alifurahi kweli, hakuwa akinikejeli. Alisema ni vizuri kuona familia inayomtunza mjane, siku hizi ni nadra, na kwamba nafasi hiyo sasa itamwendea mtu asiye na pa kwenda. Wajumbe wakakubali kwa vichwa. Nikawashukuru. Nje binti yangu aliniuliza swali moja tu, kwa nini, na nilipoanza kueleza aliniomba ninyamaze, akapanda gari la Rongo bila kuniaga. Alikuwa ametegemea chumba hicho naye. Likizo zake, uzazi wake siku moja, kila kitu.

Matingatinga yalikuja mwanzo wa kiangazi. Nilijaribu kutafuta chumba mjini. Vya karibu na soko vimepanda mpaka havishikiki, na vya mbali vilinifaa nini bila wateja? Nilikaa kwa rafiki mwezi mmoja, mpaka nikaanza kusikia namna sufuria zinavyowekwa chini. Kila aliyenionea huruma aliniambia lile lile: wewe si una nyumba? Wewe nenda zako kwako. Nikafunga cherehani kwa gunia nikaenda.

Kwa hiyo ninaishi humo. Nyumba waliyomjengea maiti ndimo ninamolala na kupika. Mvua ikinyesha nasogeza kitanda, na jua likiwaka nakaa nje upande wa kulia, kwenye saruji ya mume wangu, kwa sababu ndipo penye ubaridi. Watu wa hapa hawavai sare mpya kila Januari. Huletewa za ndugu zao wa mjini, na mimi hushona viraka. Mke wa shemeji hupika kwenye mvua tangu mabati yarudi, na hanisalimii. Shemeji hupita kila asubuhi na kuniuliza mke wetu ameamkaje. Hajajenga boma lake bado. Anasema mwakani.

Mzee wangu naye namlaumu, nisijifanye mtakatifu. Kuna asubuhi ninapofagia kaburi namgombeza kwa Kiswahili chetu, namwambia ungetangulia tu, ungejenga tu, wangesema nini, wangekuua? Halafu nakumbuka mimi mwenyewe niliulizwa mara tatu na watu wasionidai kitu, na mara tatu nikajibu kama yeye angejibu.

Juzi jirani yangu wa zamani alinipigia simu. Yuko ghorofa ya nne. Alilalamika karibu nusu saa: maji hayapandi, ngazi zinammaliza magoti, watoto wa juu wanakimbia usiku kucha, na ile nyumba ya Rongo inabidi aitafutie mpangaji asije mchwa akaanza. Nilimsikiliza. Alisema mimi nina bahati, nimeondokana na kelele za mjini, nimepumzika kwangu. Kisha akaniuliza kwangu kukoje.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilimwambia kuzuri, kuna hewa, nimeongeza hata chumba cha wageni. Akasema basi siku moja atakuja anitembelee. Nikamwambia karibu sana, nikakata simu kabla hajaniuliza njia.